Waya Zilipita Juu Yetu

Waya za stima zilipita juu ya ardhi ya Wateso miaka mingi kabla stima yenyewe haijateremka chini. Njia ya kutoka Tororo, Uganda, kuingia Kenya upande wa Malaba imepitiwa na karibu kila kitu kilichowahi kusafiri kati ya Kampala na Nairobi. Kuna reli, kuna malori ya mafuta, kuna kahawa inayoelekea Mombasa, na tangu 1958 kuna umeme. Sisi wa Amukura tuko hapo kando tu, kati ya Busia na Malaba, tukitazama vitu vya watu vikipita.

Naanza huko nyuma kwa sababu ya swali la leo. Nairobi ninakofanya kazi, magari ya umeme yameanza kuwa ya kawaida. Yako majengo yenye chaja kwenye maegesho, unachomeka na hulipi kitu. Sasa watu wanabishana: ni haki mtu kuitegemea chaja ya bure kila siku? Hatuzungumzii msafiri aliyeishiwa chaji njiani. Tunamzungumzia yule ambaye ameacha kabisa kununua stima ya gari, anakuja kila jioni kama anayekuja kuchota maji. Kuna wanaomwita mjanja, kuna wanaomwita mnyonyaji.

Nimeyasikiliza mabishano haya, na naona tunaianza hadithi katikati. Tunauliza nani anachukua, lakini hatuulizi nani alilipa, wala nani hakuwahi kufikiwa na hiyo soketi. Mtu wa mpakani hawezi kuyaruka maswali hayo mawili.

Kasri kwanza

Kampuni ya umeme ya Kenya ikisimulia historia yake huanzia Zanzibar mwaka 1875, Sultani Barghash alipopata jenereta ya kuangaza kasri lake na barabara za karibu. Mwaka 1908 jenereta hiyo ikanunuliwa na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee. Mwaka 1922 kampuni ya Mombasa na ya Nairobi zikaungana, ikazaliwa East African Power and Lighting.

Angalia mpangilio wa hadithi hiyo. Kasri kwanza, halafu barabara za jirani na kasri. Ila zile barabara ndizo zinazonivutia mimi. Mpita njia aliyesimama chini ya taa ile hakulipa hata senti. Kwa hiyo stima ya bure ya umma si jambo jipya lililoletwa na magari ya kisasa. Ina umri sawa na stima yenyewe, na tangu siku ya kwanza iliwafikia waliokaa karibu na mkubwa.

Tulipokuwa sekondari, wenzangu waliokaa Malaba walikuwa wakisomea chini ya taa za kituo cha mafuta usiku. Walienda kila siku, si mara moja moja. Hakuna aliyewaambia kwamba taa ile ni ya wateja tu, au kwamba wanaitumia kupita kiasi. Labda ni kwa sababu mwanga hauishi ukitazamwa na watu wengi. Watoto kumi wakisoma chini ya taa moja, bili ni ile ile. Chaja ya gari ni kitu kingine. Nikichomeka mimi, wewe unangoja, na kila yuniti ninayovuta kuna mtu anailipia. Ndiyo maana mfano wa taa haututoshi, ingawa watu wengi huukimbilia.

Mkataba wa miaka hamsini

Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la Owen Falls pale Jinja, Mto Nile unapotoka Ziwa Victoria. Bwawa lilipangwa kutoa megawati 150, na Uganda ya wakati ule haikuwa na viwanda vya kuzimaliza. Kenya nayo ilikuwa na njaa ya umeme. Mwaka huo huo ikaundwa Kenya Power Company, na kazi yake ilikuwa kujenga laini ya kuleta umeme wa Uganda hadi Nairobi. Mwaka 1955 mkataba ukatiwa sahihi: megawati 30 kwa miaka 50. Mwaka 1958 laini ya kutoka Tororo hadi Nairobi ikaanza kazi.

Miaka hamsini! Waliopatana walikuwa Waingereza kwa Waingereza, huku na huku. Mkataba wao uliukuta uhuru wa Uganda 1962 na wa Kenya 1963. Ulimkuta hata Idi Amin, ambaye mwaka 1976 alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ya Uganda kwa asili. Amin hakulitoa jambo hilo hewani. Mpaka 1902 upande huu wote, hadi kule Naivasha, ulihesabiwa kuwa mkoa wa mashariki wa Uganda, kisha ukahamishiwa Kenya kwa karatasi tu. Wateso tukabaki wengine huku, wengine kule, tukienda kuzikana na kuoana kwa kuvuka daraja.

Sasa jiulize, nani alilipia ile stima? Ziwa ni la wote, na sehemu ya ziwa hilo iko kwenye Kaunti yetu ya Busia, kule Port Victoria. Wavuvi, wakulima na wafugaji wa pande zote mbili walitoa ushuru na kodi kwa serikali zilizojenga bwawa na laini. Na ardhi waya zilipopita ilikuwa ya watu. Lakini umeme wenyewe ulikuwa na safari ndefu. Ulikuwa unaenda viwandani na majumbani Nairobi, haukuwa na haja ya kushuka kijijini. Laini ya volti 132,000 huwezi kuichomekea balbu ya nyumba. Unahitaji kituo cha kuipunguza nguvu, unahitaji transfoma, unahitaji mtu aamue kwamba nyinyi pia ni wateja.

Uamuzi huo ulichelewa. Mpango wa serikali wa kupeleka umeme vijijini ulianza 1973, na kwa miaka mingi ulifika sokoni, shuleni na kwenye misheni kabla ya kufika kwa mwananchi wa kawaida. Kuunganishiwa stima kulifikia shilingi 35,000, pesa ambazo kwa familia nyingi za kwetu ni ng'ombe na baki yake. Mwaka 2015 ndipo serikali ilipoanzisha mradi wa Last Mile, ikashusha bei hadi shilingi 15,000 kwa aliye ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma, na ukakubaliwa kulipa polepole. Kwetu stima iliingia baada ya hapo. Nyanya yangu alikuwa ameishi maisha yake yote mwendo mfupi kutoka nchi inayouza umeme, na alipowashiwa balbu ya kwanza alikuwa na wajukuu wenye watoto.

Betri kwenye baiskeli

Kabla ya hapo tuliishije? Tuliishi kwa kuchaji nje.

Baba alikuwa na betri ya gari, ingawa hakuwa na gari. Betri ile ilikuwa ya kuendesha televisheni nyeusi na nyeupe. Ikiisha, ilifungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli ikapelekwa mjini, ikaachwa huko mpaka kesho yake. Mei 31, 2002, Senegal walipowafunga Ufaransa bao moja bila jibu katika mechi ya kwanza ya Kombe la Dunia, nusu ya kijiji ilikuwa uwani kwetu ikitazama mechi inayoendeshwa na betri hiyo. Baba hakumtoza mtu. Lakini jioni jirani mmoja aliyekuwa na baiskeli nzuri alimwambia, "Mzee, wiki ijayo ikiisha niite, nitaipeleka mimi." Hivyo ndivyo mambo yalivyoenda. Hakukuwa na mita, lakini watu walijua zamu imefika kwa nani.

Baiskeli yenyewe ina historia yake hapa. Neno boda boda limezaliwa kwenye huu mpaka wetu, Busia na Malaba. Vijana walikuwa wakiwabeba watu na mizigo kwa baiskeli kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda, wakiita wateja: boda, boda! Baadaye baiskeli zikawa pikipiki za petroli, na neno likasambaa Afrika Mashariki nzima. Sasa pikipiki za umeme zimeingia, na kampuni kama Ampersand na Roam zimezifanya ziwe jambo la kila siku Nairobi. Zikifika kwetu kwa wingi, mwanabodaboda wa Malaba atakuwa anarudia alichofanya baba: kubeba betri, kutafuta pa kuichaji.

Halafu simu. Kabla ya Last Mile, na hata leo kwa ambao hawajaunganishiwa au wameishiwa tokeni, simu huchajiwa kwa kinyozi au dukani. Bei iliyozoeleka ni shilingi kumi, wakati mwingine ishirini. Inaonekana kidogo, si ndiyo? Ebu tupige hesabu. Betri ya simu ya kisasa inabeba takriban wati 15 za saa moja. Yuniti moja ya stima ni wati 1,000 za saa moja. Ukiacha kiasi kinachopotea njiani, yuniti moja inachaji simu kama sitini. Sitini mara shilingi kumi ni shilingi 600.

Mwenye stima nyumbani, hata ukimwongezea kodi na tozo zote, yuniti moja haimfikishi shilingi 50. Na mwenye gari la umeme? Bei zilizoanza Aprili 2023 ziliweka kiwango maalumu cha kuchaji vyombo vya usafiri: shilingi 16 kwa yuniti, na shilingi 8 saa ambazo matumizi ya nchi yako chini, kabla ya kodi na tozo. Zipange sasa kwa mstari mmoja. Mama asiye na stima Amukura, 600. Mwenye gari la umeme usiku wa manane, 8. Na yule wa chaja ya bure, sufuri.

Simlaumu kinyozi. Analipa kodi ya kibanda, simu ikiibiwa analipa yeye, na stima ikipotea siku mbili hana kazi. Ninachosema ni kwamba katika nchi hii umeme huwa ghali kadiri unavyouhitaji kidogo. Betri ya gari moja ya yuniti 60 inatosha kuchaji simu 3,600. Kwa hiyo mabishano ya maegesho ya Nairobi yananichekesha kidogo na kuniuma kidogo. Wale wanaogombana ni watu ambao wote wamefika kwenye soketi.

Walipojaribu wengine

Swali lenyewe si geni duniani. Kampuni ya Tesla ya Marekani ilianza kujenga vituo vyake vya kuchaji kwa kasi mwaka 2012, na wenye magari yake wakachaji bure. Nia ilikuwa safari ndefu. Lakini watu ni watu. Wanaoishi karibu na kituo wakakigeuza kuwa jiko lao la kila siku. Mwaka 2015 kampuni ikawaandikia baadhi yao kuwakumbusha kwamba vituo ni vya wasafiri. Wengi walikasirika: tuliambiwa bure, sasa mnatuhesabia? Na wale wa nyumba za kupanga, wasio na pa kuchomeka, wakauliza waende wapi. Mwishowe kampuni ikatangaza kwamba magari yatakayoagizwa kuanzia Januari 2017 yatapewa yuniti 400 za bure kwa mwaka, zikiisha mtu analipa.

Oslo, Norway, jiji lilianza mwaka 2008 kuweka chaja barabarani, na kwa zaidi ya miaka kumi zilikuwa bure. Lengo lilikuwa kuwavuta watu waache petroli, na walivutika kweli kweli. Magari yalipojaa, jiji likaanza kutoza mwaka 2019.

Nachukua mambo mawili hapo. Moja, bure ya kuvutia watu ina mwisho, na ukiishi kana kwamba haina mwisho utaumia siku ikifungwa. Mbili, kugawa watu kwa msafiri na mkaazi hakukumaliza ugomvi. Mkaazi asiye na soketi nyumbani ana shida ya kweli kuliko msafiri mwenye gereji yenye chaja anakotoka. Kilichosaidia Tesla ni kiasi: hiki ni chako kama cha mwenzako, zaidi ya hapo toa pesa.

Kisima hakiulizi umekuja mara ngapi

Kijijini kwetu jambo hili lilikuwa limeshajibiwa bila kampuni wala mkataba. Kisimani hakuna aliyewahi kuulizwa kwa nini amekuja tena leo. Kisima ni cha kila siku, na mtu asiyekuja kila siku ndiye wa kuulizwa kama yuko salama. Ila kulikuwa na utaratibu ambao mtoto aliujua kabla hajajua kusoma. Maji ya kunywa na kupika kwanza, ng'ombe baadaye. Ukiwa na mitungi mingi unajaza miwili, unampisha mwenzako, unarudi kwenye foleni. Aliyekuja na gari la mkokoteni kuchota ya kuuza au ya kufyatulia matofali alizungumza kwanza na wazee. Na siku ya kusafisha kisima, asiyetokea alisemwa mpaka akakoma.

Serikali nayo, bila kusema, imelifuata wazo hilo hilo kwenye bili za stima. Katika bei za Aprili 2023, mwenye nyumba asiyezidi yuniti 30 kwa mwezi aliwekewa shilingi 12.22 kwa yuniti, na anayepita 100 akawekewa 20.97. Hakuna anayeulizwa kama yuniti zake ni za pasi au za redio. Kinachoangaliwa ni kiasi. Anayetumia kidogo anapunguziwa, anayetumia sana anachangia zaidi.

Kwa hiyo nikimrudia yule wa chaja ya bure kila jioni, msimamo wangu ni huu. Kuja kila siku si kosa. Kijana anayepanga chumba kimoja Pipeline au Kayole, ambaye mwenye nyumba hataki kusikia habari za waya kushuka hadi kwenye pikipiki, ana haki ya kuja kila siku, kwa sababu hana kwingine. Namlaumu mwenye uwezo wa kuchaji kwake usiku kwa shilingi 8, anayeziba nafasi ili aokoe hizo nane. Namlaumu pia aliyejaza na kwenda kula chakula cha mchana saa mbili, gari likiwa limekaa kwenye chaja kama kuku aliyelalia mayai. Hao wawili kisimani wangeambiwa.

Lakini lawama kubwa naielekeza juu zaidi. Kama jengo la mtu binafsi linataka kuwapa wateja wake stima, sawa, ni pesa zake na anazirudisha kwenye bei ya kahawa. Ikiwa ni pesa za umma, za kaunti au za serikali kuu, basi kuanza na chaja ya gari ni kuirudia hadithi ya kasri na ile ya 1958. Anayelipia ushuru wa soko pale Amukura akiuza nyanya na omena atakuwa amechangia chaja ambayo hana cha kuichomekea.

Siku kaunti yetu itakapoweka chaja ya umma, Malaba ama Busia mjini ama hapa Amukura sokoni, ningependa tuanze na soketi za simu na kabati za betri za bodaboda, gari lije mwisho. Kila mtu apewe kiasi chake cha bure kwa siku. Simu na taa ya kichwani ziingie humo bila maswali, betri ya bodaboda ipate nusu. Anayezidisha alipe bei ya kawaida, na pesa hizo zilipe fundi, maana chaja ya bure isiyo na fundi haimalizi mwaka. Foleni isimamiwe na watu wa hapo hapo, wanaojuana kwa majina. Hatuhitaji wataalamu kutoka ng'ambo kutufundisha hilo. Wazee wa kisima wangali hai.

Na kuhusu wanabodaboda, sioni kama ni upendeleo. Neno lao tumewapa watu wote bila malipo.